Mtikiso wa Bi Matone

Mwanamke huyu hakauki. Ndivyo wasemavyo majirani zake, na safari hii hawatii chumvi. Mkute asubuhi akitoka kwake kwenda kazini, pindo la gauni bado lina unyevu wa jana. Mkute jioni akirudi, viwiko vinadondosha maji kwenye ngazi, ghorofa kwa ghorofa, hata asiyemjua angeweza kumfuata mpaka mlangoni. Wakamwita Bi Matone, naye akalipokea jina bila kinyongo. Angalau lake lina heshima kidogo. Yuko jirani wa juu wanayemwita Kengele, na mwenyewe anajua kwa nini.

Kazi yake ni kutengeneza karatasi kwa mkono, mbele ya watu, katika jumba la makumbusho ya karatasi. Jumba lenyewe zamani lilikuwa kiwanda, ng'ambo ya daraja, mahali mto unapopinda. Chumba cha kwanza kina kiota cha nyigu ndani ya sanduku la kioo, kwa kuwa nyigu walikuwa wakitafuna mbao na kujijengea nyumba za karatasi kabla binadamu hajapata hata wazo la kuandika. Wageni hukipita chumba hicho upesi, kana kwamba wenye kiota watarudi. Cha pili kina magome ya miti, matete, marundo ya matambara na mashine ya kupondea yenye meno ya chuma. Cha tatu ndicho chake. Humo mna hodhi la mbao lililojaa rojo la matambara yaliyopondwa, jeupe na jepesi kama maziwa yaliyozidishwa maji, na kando yake anasimama yeye, aproni ya mpira kifuani, mdomo ukifanya kazi kuliko mikono.

Maana Bi Matone anapenda kuongea, tusifichane. Huchukua chekeche yake ya waya, huifunika kwa fremu ya mbao ili rojo lisimwagike pembeni, huizamisha, kisha huiinua. "Sasa mnaona maji yanachuja," huwaambia wageni. "Sasa natikisa, mbele na nyuma. Sasa kulia na kushoto." Huko kutikisa ndiko kazi yenyewe. Nyuzi za matambara huelea ovyo ndani ya maji. Ukizitikisa kwa wakati wake hushikana, karatasi ikatoka sawasawa pande zote. Ukichelewa hata kidogo, maji yameshakwenda zake, nawe unabaki na mabonge hapa na uwazi pale. Wenye kazi huyaita mawingu. Inua karatasi kwenye mwanga, utayaona.

Aliingia pale akiwa msichana, jengo likiwa bado kiwanda, akaketishwa kwenye chumba cha matambara kukata vifungo. Kutwa nzima mkasi mkononi, nguo kuukuu za watu asiowajua zikipita mapajani pake: mashati, mashuka, suruali zilizotoboka magotini. Mkabala naye aliketi msichana mwingine, mkubwa kidogo, mwenye ulimi mkali na kicheko cha kuamsha mtaa. Huyo ndiye aliyemfundisha kuchagua vifungo vizuri na kuvisahau mfukoni. Baadaye wote wawili wakahamishiwa kwenye hodhi. Bi Matone akawa mchotaji. Mwenzake akawa mlazaji, yule anayepokea chekeche iliyochotwa, akaipindua juu ya blanketi la sufu, akailaza karatasi mbichi na kurudisha chekeche tupu. Walikuwa na chekeche mbili na fremu moja, ikienda na kurudi kati yao, kwa hiyo mmoja hakuweza hata kupiga chafya bila mwenzake kuchelewa.

Siku moja mlazaji akamleta mdogo wake wa kiume, fundi saa, aje atengeneze saa ya ukutani ya kiwanda. Saa ile ilichukua muda mrefu ajabu kupona. Fundi aliifungua, akaifunga, akaifungua tena, na macho yake wala hayakuwa kwenye saa. Ndivyo mlazaji alivyogeuka kuwa wifi.

"Ningepokea karatasi tu nikanyamaza," wifi hupenda kusema mpaka leo. "Kiherehere changu ndicho kilichoniletea huyu nyumbani."

Katika kiwanda kile kulikuwa na jambo moja ambalo watu walilitaja kwa sauti ya chini. Mchotaji mzima wa afya angeweza kuamka siku moja akakuta mtikiso umemtoka. Mikono ni ile ile, hodhi ni lile lile, lakini karatasi zinatoka mawingu matupu. Walisema mkono umemuaga. Mtu kama huyo alipelekwa juu darini kuanika karatasi za wenzake, na hapakuwa na aliyemkumbuka hata mmoja aliyeteremka tena.

Kiwanda kikafungwa. Miaka ikapita, jengo likapakwa rangi, likawa makumbusho, na Bi Matone akaitwa arudi kwenye hodhi lake. Alirudi mbio. Wifi naye aliitwa, akakataa katakata. "Mimi bado nahema," alisema. "Vitu vya makumbusho ni vya marehemu." Hata kwenda kutazama hakwenda. Kwa hiyo Bi Matone akawa anachota mwenyewe, analaza mwenyewe, na kueleza mwenyewe, na wageni wakampenda kupita kiasi.

Sasa, chumba cha mwisho cha jumba hilo kina dirisha refu, kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, na badala ya pazia wametundika karatasi za mkono. Jua hupita ndani yake, na mtu akisimama pale anaona karatasi ni nini hasa. Mvua zilipokuja paa likavuja, karatasi zote zikajaa madoa ya kutu. Mkuu wa makumbusho, binti mmoja mwenye rundo la funguo shingoni ambaye hajui kutembea, yeye ni kukimbia tu, alikuja mpaka kwenye hodhi akihema.

"Mama, tunalifanya upya lile dirisha. Karatasi mpya zote. Tukiwafungulia watu mlango tena, hilo ndilo watakalolikuta. Na wa kuifanya kazi hiyo ni wewe tu."

"Ni mimi tu," akasema Bi Matone, akacheka, akageuka upesi kulikoroga rojo ambalo halikuhitaji kukorogwa.

Kwa maana alijua. Alikuwa amelijua kwa muda, akijifanya hamnazo. Wageni hupiga makofi karatasi ikiwa bado mbichi, huenda zao. Nani anakumbuka kuiinua kwenye mwanga? Yeye mwenyewe alikuwa ameziinua, jioni, chumba kikiwa kimeshafungwa, akaona mawingu. Mwanzoni alilaumu rojo. Kisha akalaumu maji ya mto, kisha matambara ya siku hizi, ambayo nusu yake ni plastiki. Alipoishiwa na wa kulaumu akabaki yeye na mkono wake.

Wakafunga makumbusho kwa ajili ya matengenezo, akapewa chumba peke yake. Bila wageni, bila maneno, akachota. Mkono ukafika juu ya maji ukasimama, kana kwamba unasubiri watu wasogee waone. Akaukaripia. Akachota tena, mkono ukasimama tena pale pale. Alizoea kuionyesha kazi polepole mpaka mkono wenyewe ukasadiki kwamba polepole ndiyo kazi. Zile alizozitoa zikakamuliwa, zikaanikwa, naye akaziangalia zilipokauka. Mawingu. Moja ilikuwa na bonge upande wa kulia ungedhani mtu amemwagia uji.

Mkuu wa makumbusho alimkuta ameshika tama kwenye ukingo wa hodhi.

"Mama, kama inachosha, sema tu. Tunaweza kununua karatasi za mashine, hakuna atakayejua. Na hili hodhi tutalifunika kioo, watu walitazame, wewe uje mapokezi. Ukae ukavu sasa, umefanya kazi ya kutosha."

Alisema kwa upendo kabisa, na ndiyo maana ilichoma. Mtu mbaya unaweza kumjibu. Bi Matone alitikisa kichwa, akasema ampe siku chache tu, kisha akazikunja zile karatasi mbaya akazitia mkobani ili binti asiziinue kwenye mwanga. Njiani kurudi nyumbani aliona wazi kiti cha mapokezi, mto wake mdogo wa kukalia, tiketi mezani, na yeye juu yake mkavu kama biskuti. Alihuzunika mpaka basi likampitisha kituo chake.

Si mtu wa kutupa vitu. Nyumbani akazitandika zile karatasi kwenye rafu ya jikoni, chini ya vikombe, akaona amezizika. Alisahau wifi.

Wifi huja siku za mapumziko, bila hodi, anapitiliza mpaka jikoni na kujichukulia kikombe. Tena ana ugonjwa ambao walazaji wote wa zamani wanao: hawezi kushika karatasi bila kuiinua kwenye mwanga. Kadi ya mwaliko wa harusi huiinua kwanza dirishani ndipo asome nani anamwoa nani. Basi akainua kikombe, akaona karatasi, akaichomoa, vikombe vingine vikagongana, akaenda nayo dirishani.

"Wifi, huu uji kapika nani?"

"Mgeni," akajibu Bi Matone upesi mno. "Kuna wageni hupenda kujaribu."

"Mpe pole zangu. Mwambie asikate tamaa, kazi ya kuosha vyombo bado ipo."

Sebuleni, fundi saa mumewe, aliyekuwa ameinamia saa ya mtu, alikohoa, kile kikohozi cha mwanamume anayemeza kicheko. Bi Matone akasugua sufuria iliyokuwa safi tangu asubuhi. Wifi hakuiweka ile karatasi. Aliigeuza juu chini, akaigeuza tena, akaisogeza puani, na polepole uso wake ukabadilika.

"Huyu mgeni," akasema, "anainua kona ya kushoto kwanza."

"Sijui anainua nini."

"Mimi najua. Kona hii nimeipokea mikononi mwangu tangu nina meno yote. Wifi, hebu acha hiyo sufuria."

Bi Matone akaacha sufuria. Akaketi kwenye kigoda, akajifuta mikono ambayo haikuwa na maji, na machozi yakamtoka kama mtoto aliyepotea sokoni. "Mkono umeniaga, wifi," akasema. "Wanataka kulifunika hodhi kioo. Niende mapokezi."

Wifi, ambaye hana dogo, ambaye hata kwenye msiba hupata la kuchekesha, sasa ndipo alipoiweka ile karatasi. Alivuta kiti, akaketi magoti kwa magoti na mke wa ndugu yake.

"Nani anakulazia?"

"Hakuna. Nalaza mwenyewe."

"Unachota na kulaza mwenyewe?"

"Na kueleza."

"Na kueleza!" Wifi akapiga kofi paja lake. "Mtu anachota huku anatangaza kama redio, halafu anashangaa karatasi ina mawingu! Yaani hakuna mtu anayekungoja?"

"Wa kuningoja nani? Wewe ulisema ni vitu vya marehemu."

Hilo likampata. Alitazama dirishani, akatazama magoti yake, yale magoti mabovu aliyoyafanya kisingizio cha kila kitu, akasonya.

"Kesho nakuja," akasema. "Lakini mtu yeyote akinibandika kibao cha maelezo, naondoka."

Akaja kweli, amevaa buti za mvua za ndugu yake zilizomzidi, na kitambaa kichwani amekikaza kama mtu anayekwenda kupigana. Chumba cha nyigu alikipita bila kugeuza shingo. Alipofika kwenye hodhi alisimama. Aliweka kiganja juu ya ukingo wa mbao, mahali palipolika kwa matumbo ya wachotaji wengi, akapapasa pale polepole, kama anayemsalimu mtu. Haikudumu. "Rojo gani hili jepesi hivi," wifi akasema. "Mnanyonyesha?"

Wakaanza. Karatasi za kwanza zilikuwa aibu tupu. Mkono wa Bi Matone ulifika juu ya maji, ukasimama, na upande wa pili wifi naye akasimama, mikono ikining'inia, hana cha kupokea. Mlazaji asiye na cha kupokea ni mtu hatari, maana kinachobaki kufanya kazi ni mdomo.

"Wifi, nimeota mizizi huku."

"Nakuja."

"Nasikia. Hata kifo kinakuja."

Akachota. Akachelewa. Wifi akaipokea ile karatasi mbovu, hakuilaza hata kidogo, akairudisha hodhini kwa dharau na kurusha chekeche tupu ikateleza juu ya ubao mpaka kumgonga mchotaji tumboni. "Ndugu yangu alikuoa kwa uvumilivu, si kwa mapenzi," akasema. "Leo nimeelewa. Kukusubiri wewe mpaka uvae nguo mtoke, si mtu anazeeka?"

"Ndugu yako!" Bi Matone akafoka, akizamisha. "Ndugu yako alikaa kwenye saa moja mpaka wakamtilia shaka kuwa hajui kazi!"

"Alikuwa anatazama miguu yako, maskini, akidhani unajua kutembea haraka."

"Alinibembeleza yeye! Muulize! Alikuja mpaka kwetu na shati limefungwa vifungo upande!"

"Vifungo ulivyoiba wewe!"

"Ulivyonifundisha wewe!"

Na chekeche zikaenda, zikarudi. Fremu ikalia ta! ta! kwenye mbao, maji yakamwagika, blanketi likatandazwa, karatasi ikalala, blanketi jingine likaja juu. Bi Matone alikuwa amekasirika kwelikweli. Alikuwa na jibu la kila neno, na mengine yamejipanga kooni yakisubiri zamu, hata hakuwa na nafasi ya kutazama mikono yake inafanya nini. Ilikuwa inatikisa. Mbele na nyuma, kulia na kushoto, papo hapo maji yakiwa bado hai juu ya waya.

Wifi aliona. Aliona tangu ile ya kwanza iliyotoka vizuri, maana alipoipindua ilishuka kwenye blanketi nzito sawasawa, kona kwa kona, jinsi alivyokuwa akiijua. Moyo ulimruka. Alitamani kupiga kigelegele. Lakini aliwajua wachotaji, aliujua ule ugonjwa: ukimwambia tu kwamba umerudi, atautazama mkono, na mkono ukitazamwa utasimama. Akameza furaha yake yote na kuzidisha matusi. Alimsema mapishi yake. Alimsema namna anavyokoroma, na mume akiwa shahidi. Alitoa mambo ya siku ya harusi ambayo ukoo mzima ulikuwa umekubaliana kuyasahau. Machozi yalikuwa yakimtoka akitukana, na kwa kuwa pale kila kitu ni maji, hayakuonekana.

Mkuu wa makumbusho alisikia makelele mpaka ofisini, akaja mbio, funguo zikilia, akidhani watu wanauana. Alisimama mlangoni mdomo wazi. Alitaka kusema kitu, na wifi bila kugeuka akamnyooshea kidole kimoja chenye rojo, maana yake thubutu. Binti akarudi kinyumenyume kama alivyoingia.

Rundo lilipofika kiunoni mikono ya wifi ikachoka. "Basi," akasema. "Tukakamue."

Wakaliingiza rundo kwenye mashine ya kukamulia, wakaning'inia wawili wao kwenye mtaimbo wa kuikazia, wakisukuma kwa makalio kama zamani, maji yakatiririka mferejini. Wakabandua karatasi ya juu. Wifi, ugonjwa wake ule ule, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Bi Matone hakutaka kutazama. Alitazama buti. Kisha matone ya ile karatasi yakaanguka juu ya buti, akainua macho. Karatasi ilikuwa nyeupe, sawa, tulivu kutoka ncha mpaka ncha. Wakabandua nyingine. Wakabandua nyingine tena, na tena, wakaziinua zote, wakisahau kwamba mbichi huchanika, na wakachana mbili kwa pupa.

"Tangu lini?" akauliza Bi Matone.

"Tangu shati la vifungo upande."

"Na ukanyamaza?"

"Nimenyamaza? Mimi? Koo langu linawasha!"

Bi Matone alimrukia wifi wake wakashikana, aproni kwa aproni, wakateleza, wakakaa chini sakafuni kwenye maji kama watoto, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuinuka. Mmoja kwa sababu ya magoti. Mwingine kwa sababu alikuwa na furaha mno.

Dirisha lilijaa. Mkuu wa makumbusho alipanda ngazi mwenyewe kuzitundika, hakumwachia mtu. Kuhusu kioo cha kufunika hodhi hakusema tena, ila aliuliza kwa adabu kama mama mlazaji angependa kuwa anakuja, tuseme, mara kwa mara, na wifi akajibu kwamba atafikiria, naye alikuwa tayari ameshatundika buti zake kwenye msumari.

Siku ya kufungua, Bi Matone na wifi walisimama nyuma kabisa ya chumba cha mwisho, wamevaa nguo kavu, jambo lililowashangaza majirani waliokuja. Jua la asubuhi lilikuwa likiingia moja kwa moja. Watu walipita, wakasimama, wakanong'ona. Fundi saa alikuwa amekuja na kile kioo chake kidogo cha jichoni, akakiweka, akasogea mpaka pua ikagusa karatasi, akatafuta kona moja baada ya nyingine, kisha akamgeukia mkewe akatikisa kichwa polepole, ameshindwa kupata kosa.

Mwishoni aliingia bwana mmoja aliyevaa suti, na mkewe, wamechoka kuzunguka vyumba. Walisimama mbele ya dirisha. Yule bwana alilitazama kuanzia chini mpaka juu, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akasogea, akarudi nyuma.

"Twende," akamwambia mkewe. "Hapa hakuna kitu."

Wifi alimbana Bi Matone mkono kwa nguvu, akanong'ona, "Hata wingu moja!" Bi Matone alikuwa ameshajiziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimruka, na alipogundua kwamba hataweza kujizuia alimkimbilia yule bwana, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na kumshukuru mpaka mtu wa watu akaanza kutafuta mlango.